Mama aliyetaka kuacha kemo dozi ya tatu: uchambuzi wa kisa kimoja cha stresi

Niseme mapema, huyu mama sio mtu mmoja ambaye ukichimba utamjua ni nani. Nimechukua hali ambazo sisi washauri tunaokaa na wanawake wenye saratani ya matiti tunazikuta tena na tena, nikaziweka kwa mtu mmoja ili zichambulike vizuri.

Ana miaka 42, ana mume na watoto wawili, mkubwa miaka 14 mdogo 6. Uvimbe ulikuwa titi la kushoto, hatua ya pili, aina inayoitikia homoni. Titi lilitolewa lote pamoja na tezi za kwapani, kidonda kikafunga vizuri, akapangiwa kemo ya doksorubisini na saiklofosfamaidi mara nne kila baada ya wiki 3, ikiisha aanze paklitaxel kila wiki kwa wiki 12, alafu mionzi, alafu tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, ya miaka. Ukisoma faili upande wa tiba unaona mambo yanaenda, chembe za damu zinarudi juu kwa wakati, hakuna maambukizi. Ila siku ya dozi ya tatu alifika mlangoni pa chumba cha dripu akatapika hata hajakaa kwenye kiti, akamwambia nesi, "Sista, mimi basi, imetosha, naomba nirudi nyumbani."

Kwenye faili ikaandikwa mgonjwa amekata tamaa, apewe ushauri nasaha.

Na ushauri alikuwa ameshapewa mwingi tu, tatizo halikuwa hilo. Dada yake alimwambia punguza mawazo, mawazo ndo yanalisha saratani. Marafiki wanamwambia wewe ni jasiri utashinda. Mume anamwambia usilie mbele ya watoto. Kila mtu ana nia njema na kila mtu anamwongezea kazi moja mpya ya kufanya, asiwaze, awe jasiri, asilie, na kemo juu. Mimi maoni yangu ni kwamba stresi ya mgonjwa wa kemo ukiichukua kama fungu moja hutaiweza, utaishia kumwambia apumue taratibu na awaze mazuri. Inabidi uifumue uone kila kipande kinatoka wapi, manake vipande vingine ni vya dawa, vingine vya nyumbani, vingine ni imani aliyopandikizwa na mtu, na kimoja tu ndo hofu yenyewe ya saratani.

Tulianza na swali lile rahisi la 0 mpaka 10, wiki hii nzima umekuwa na msongo kiasi gani, akasema 9. Kwa kawaida kuanzia 4 mtu anatakiwa achunguzwe zaidi. Lakini kipimo hicho kinakuja na orodha ya matatizo ya kuweka tiki, ya nyumbani, ya familia, ya hisia, ya mwili, na watu wengi wanachukua namba wanaacha orodha, wakati orodha ndo yenye habari. Yeye aliweka tiki kwenye usingizi, kichefuchefu, watoto, hasira na hofu. Tayari mambo matano tofauti hayo, na "amekata tamaa" haimo.

Alafu nikampa HADS, dodoso la wasiwasi na huzuni lililotengenezwa na Zigmond na Snaith mwaka 1983 kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali. Kwa nini hilo na sio PHQ-9, dodoso la huzuni ambalo limezoeleka zaidi? Kwa sababu PHQ-9 inauliza usingizi, uchovu na hamu ya kula, na mtu yeyote aliye kwenye kemo atajizolea pointi hapo hata kama moyo wake umetulia kabisa. HADS imekwepa dalili za mwili makusudi. Ila ina shimo lake, haiulizi habari ya kujidhuru, kwa hiyo hilo unauliza mwenyewe kwa mdomo na usione aibu. Nilimuuliza moja kwa moja kama kuna wakati anafikiria ni bora asingekuwepo. Akaniangalia akasema, "Mimi nataka kuacha dawa, sijasema nataka kufa."

Hiyo sentensi ilibadilisha kila kitu. Wasiwasi ulikuwa 15 kati ya 21, huzuni 9. Yaani huyu ni mtu aliyejaa woga na uchovu, na kuna kitu ndani ya matibabu yenyewe kinamshinda.

Kipande cha kwanza kilipatikana kwenye kalenda. Nilimwomba anihesabie siku moja moja baada ya dozi, na ikatoka picha ya ajabu kidogo: usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu halali kabisa, saa tisa usiku yuko macho anapanga kabati, anagombana na mtu kichwani, akiguswa kidogo anafoka, watoto wanamkimbia, alafu siku ya tano anaanguka kama gunia, analia bila sababu mpaka jioni. Dozi zote mbili mpangilio ni huohuo. Yeye akidhani anachanganyikiwa na hakuwa amemwambia mtu. Kumbe alikuwa anameza deksamethasoni ya kuzuia kutapika asubuhi na jioni kwa siku hizo, hiyo ni steroidi, na steroidi inafanya hivo hivo, inakesha mtu, inampandisha, na ikikatwa inamdondosha. Mimi dawa sigusi, nilimpeleka na kalenda yake kwa daktari wa saratani, akahamishia dozi yote asubuhi. Na hapa nitoe angalizo, mtu asijihamishie mwenyewe wala kuacha, hiyohiyo dawa kwenye paklitaxel inatolewa pia kuzuia mzio mkali, ukiiruka unaweza kupata shida kubwa kwenye kiti cha dripu. Ila kumwambia daktari silali, na kumuonyesha ni siku zipi, hiyo ni haki yako na inachukua dakika mbili. Kuna wanawake wangapi wamepewa mahubiri ya kujituliza wakati shida ilikuwa kidonge cha saa mbili usiku.

Kipande cha pili, kutapika kabla ya dawa. Watu walimwona anaigiza, nani atapike wakati hata sindano haijachomwa? Lakini hii inajulikana miaka mingi, ubongo unajifunza. Dozi ya kwanza na ya pili alitapika vibaya sana, sasa harufu ya dawa ya kusafishia, ule ukorido, na hasa ile sindano kubwa nyekundu ya doksorubisini, vyote ubongo umevifunga pamoja na kutapika. Alifika mahali akiona kitu chochote chekundu tumbo linageuka. Hakuna utashi hapo, hata umwambie ajikaze vipi.

Na chanzo chake kilikuwa kwenye dawa vilevile. Mchanganyiko ule wa doksorubisini na saiklofosfamaidi unahesabiwa kwenye kundi linalotapisha zaidi, na tangu 2017 mwongozo wa chama cha madaktari wa saratani wa Marekani, ASCO, unataka dawa nne za kuzuia kutapika pamoja kwa kundi hilo: ya aina ya aprepitanti, ya aina ya ondansetroni, deksamethasoni na olanzapini. Yeye alikuwa anapata mbili tu. Daktari akaongeza, na olanzapini ya usiku ikaja na faida ya ziada manake inaleta usingizi. Alafu akampa lorazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, kidogo ya kumeza usiku wa kuamkia dozi na asubuhi yake. Ukweli ni kwamba kutapika kwa kujifunza kukishashika, ondansetroni peke yake haifui dafu, ndo maana kuzuia vizuri dozi ya kwanza kabisa kuna maana kuliko ustadi wowote wa mshauri.

Upande wangu ulikuwa kuufundisha ubongo upya. Kuna mbinu ambayo Gary Morrow na mwenzake waliichapisha mwaka 1982 kwa wagonjwa wa namna hii, unamfundisha mtu kulegeza mwili mpaka aweze kweli, alafu unamtembeza kwa mawazo hatua kwa hatua kuelekea kile kinachomtapisha, akianza kusikia tumbo linasumbua mnarudi nyuma. Tulianza na kubana na kuachia misuli, fungu moja moja, mtindo wa Jacobson wa zamani, mkono wa kushoto uliotolewa tezi hatukuubana, tuliuacha ulegee tu. Kosa ninaloliona sana ni mgonjwa kuonyeshwa mazoezi haya kwa mara ya kwanza akiwa tayari kwenye kiti cha kemo, hiyo ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea siku ya mafuriko, na baya zaidi zoezi lenyewe linafungwa pamoja na harufu ya pale, kesho akijaribu kujilegeza nyumbani anasikia kichefuchefu. Kwa hiyo alifanya nyumbani kwanza, chumbani kwake, kila siku. Baadaye ndo tukaanza safari ya mawazo: ameamka asubuhi ya dozi, yuko kwenye gari, geti, ukorido, harufu, kiti, nesi anakuja na ile nyekundu. Kwenye ukorido tulikwama sana.

Dozi iliahirishwa siku chache kwa makubaliano na daktari, akarudi, kichefuchefu kikamshika lakini hakutapika kabla. Nesi alifunika sindano kwa kitambaa. Kitu kidogo hivo.

Kuna kitu kilichofeli pia nikieleze, manake kilitufundisha. Alipakua kwenye simu rekodi ya mazoezi ya umakini, yale yaliyotokana na programu ya wiki 8 aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, na kwa wengi yanasaidia kweli. Rekodi inakupitisha mwilini kuanzia vidoleni kwenda juu. Ilipofika kifuani akaitupa simu akalia. Ikajulikana kwamba tangu oparesheni hajawahi kuangalia kovu lake, anaoga taa imezimwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Rekodi haijui kama unayo matiti mawili au moja. Tukabadilisha, zoezi likabaki kwenye nyayo na kwenye sauti za nje, na kovu tukalishughulikia peke yake, kwanza kuligusa juu ya nguo, baadaye kuangalia akiwa na nesi wa vidonda, baadaye peke yake, kwa mwendo wake, wiki nyingine anasema hii wiki hapana na tunaacha.

Sasa twende kwenye maneno ya dada yake, ambayo kwangu mimi ndo yalikuwa kipande kibaya kuliko vyote. Huyu mama alikuwa anaogopa kuogopa. Kila wasiwasi ukimjia anawaza hapa naulisha uvimbe, kwa hiyo anaogopa zaidi, na usiku anahesabu ugomvi wote wa maisha yake akitafuta upi ulimletea saratani. Mpaka leo hakuna ushahidi thabiti kwamba stresi inasababisha saratani ya matiti au kwamba mwanamke anayelia inamrudia kuliko anayecheka. Nilimwambia hivohivo, na nikamsimulia historia yake, manake alikuwa mtu wa kutaka kuelewa. Mwaka 1989 David Spiegel na wenzake walitoa kwenye jarida la Lancet kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliokaa kwenye kundi la kusaidiana waliishi muda mrefu zaidi, dunia ikapokea kwa shangwe. Utafiti mkubwa zaidi ukarudia, wa Goodwin na wenzake mwaka 2001, haukuona maisha kurefuka, na Spiegel mwenyewe aliporudia, matokeo ya 2007 hayakuthibitisha yale ya kwanza kwa wanawake wote kwa ujumla. Lakini kwenye ule wa 2001, hali ya moyo na maumivu vilipata nafuu, hasa kwa waliokuwa na hali mbaya tangu mwanzo. Kwa hiyo nikamwambia mama, haya tunayofanya ni ili hii miezi uipite vizuri, ulale, umalize dozi, usiwafokee watoto. Hujapewa kazi ya kuponya saratani kwa kichwa chako, hiyo wameshika wenye dawa. Alikaa kimya kidogo akasema, "Kwa hiyo naruhusiwa kuogopa?" Ndio, ruksa.

Daktari Jimmie Holland, mmoja wa walioanzisha fani ya saikolojia ya wagonjwa wa saratani, aliuita huo ulazima wa kuwaza chanya udikteta. Mi namuunga mkono.

Kwenye mawazo yenyewe nilichukua vipande kutoka programu ya Michael Antoni na wenzake wa Chuo Kikuu cha Miami, kundi la wiki 10 ambalo kwenye ripoti yao ya 2001 lilipunguza huzuni kwa wanawake wa hatua za mwanzo. Kinachonivutia hapo ni kumtofautishia mtu lipi linabadilishika na lipi halibadilishiki, manake mbinu ya moja ukiipeleka kwa jingine unachoka bure. Mfano kichwa kikimuuma anawaza imefika kwenye ubongo. Kubishana na hilo wazo hakusaidii, tulitengeneza utaratibu: dalili mpya ya kawaida isiyomzuia kitu aiandike na tarehe, ikikaa wiki mbili amwambie daktari, ikizidi kabla ya hapo asisubiri. Isipokuwa homa. Homa ya 38 kwenda juu ukiwa kwenye kemo ni hospitali saa hiyohiyo hata iwe usiku wa manane, manake seli nyeupe zinashuka sana takriban siku ya 7 mpaka ya 14.

Nyumbani nako. Alikuwa anapokea simu na wageni kutwa na kila mmoja anataka asimuliwe tangu mwanzo, wengine wanalia, inabidi awabembeleze yeye mgonjwa. Tukamteua mdogo wake awe msemaji, habari zinatoka kwake. Na wale wanaosema "ukihitaji chochote niambie" wakapewa kalenda, siku ya tatu mpaka ya tano baada ya dozi wachukue watoto, basi. Hilo la kalenda wengi wanaliona dogo ila mtu mwenye kichwa kilichojaa hawezi kuanza kufikiria nani nimuombe nini.

Mume tulimwita. Alikuja amekaza uso, nikamuuliza kwa nini hataki mkewe alie. Akasema, "Mimi nikimwona analia naona kama ndo tunaagana." Mkewe hakuwahi kulisikia hilo, alidhani anamchukia kwa sababu ya titi. Sikuwa na la kuongeza, nikawaacha waongee. Mdogo wa miaka 6 ikabidi aambiwe ukweli kwa maneno mafupi, ugonjwa una jina, hauambukizi ukimkumbatia mama, na hajausababisha yeye, manake alikuwa anaamini mama aliugua siku ile alipomsukuma.

Baada ya yote hayo, kabla ya kuanza paklitaxel, wasiwasi ulikuwa umeshuka kutoka 15 mpaka 9. Ile 9 iliyobaki ndo hofu yenyewe, ya kufa na kuacha watoto. Na hii sio fikra potofu ya kurekebishwa. Alikuwa anataka sana kupanga nani atakaa na watoto ikitokea, na kila akifungua mdomo watu wanamziba, usijitabirie mabaya. Tukaitengea siku hiyo mada. Wakakaa yeye, mume na mdogo wake, wakaongea, wakaandika. Kwa maoni yangu kikao hicho kilimtuliza kuliko mazoezi yote ya pumzi niliyomfundisha, akasema sasa hata nikiwaza najua limeshapangwa.

Kundi la wanawake wenzake alijiunga kwenye paklitaxel tu, sio mapema. Nilimuuliza mratibu kwanza lina wanawake wa hatua gani, kwa sababu kumchanganya aliyeanza matibabu na ambaye saratani imesambaa inawaumiza wote wawili, mmoja anaona mbele yake kinachomtisha, mwingine anajizuia kusema asimtishe mwenzake.

Alimaliza kemo, akamaliza mionzi, familia ikafurahi, na hapo ndo akaanguka. Hili linawashangaza watu kila mara. Miezi yote ulikuwa na ratiba, kuna manesi wanakuangalia kila wiki, ghafla unaambiwa tuonane baada ya miezi, na kila mtu anategemea urudi kama zamani. Huzuni ikapanda mpaka 12, na tamoksifeni ikamletea joto la ghafla linalomwamsha usiku akiwa amelowa jasho. Safari hii dawa ya huzuni ilihitajika, na uchaguzi wake una mtego: paroksetini na fluoksetini zinazuia kimeng'enya cha ini kinachoitwa CYP2D6, ambacho ndo kinaigeuza tamoksifeni kuwa endoksifeni, umbo lenye nguvu zaidi. Daktari akachagua venlafaksini ambayo haikisumbui sana na inapunguza hata hilo joto. Kama unapewa dawa ya huzuni na mtu ambaye hajui unameza tamoksifeni, mtajie.

Usingizi umerudi kiasi, kazini ameanza nusu siku. Miadi yake na mimi tumeiweka wiki moja kabla ya mamogramu, ile picha ya kuchunguza titi, ya titi la kulia, manake ile wiki ya kusubiri ndo inayomvuruga kuliko majibu yenyewe, na mume ameomba kuja pia.